Sahihi ya Kuondoka

Tunapofundishwa historia ya kazi ya kikoloni, tunaonyeshwa zaidi mlango wa kuingilia: jinsi watu walivyotozwa kodi ili walazimike kwenda mashambani, jinsi walivyosajiliwa, jinsi walivyopewa namba. Mlango wa kutokea hatuonyeshwi sana. Lakini mtu anayetaka kujua uhuru wa mfanyakazi una ukubwa gani, aangalie mlango huo. Ufunguo wake anao nani? Na kazi ikifa yenyewe, bila kosa la mfanyakazi, anatoka na nini mkononi?

Nilianza kuuliza maswali haya kwa sababu ya barua. Katika miaka ya hivi karibuni ndugu na rafiki zangu kadhaa wamekwenda Uingereza kwa visa inayodhaminiwa na mwajiri, wengi wao kuhudumia wazee. Baadhi yao wamepoteza kazi bila kufanya kosa lolote. Barua wanazopokea baada ya hapo nimezisoma pamoja nao kwenye simu, usiku, na kila mara nimehisi kwamba barua hii naijua. Niliwahi kukutana nayo mahali pengine, ikiwa na lugha nyingine na muhuri mwingine. Nikarudi vitabuni kuitafuta.

*

Kenya ilipitisha sheria ya kuwasajili Waafrika mwaka 1915. Vita vya Kwanza vya Dunia vikaichelewesha, na ikaanza kutekelezwa kwa nguvu mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alitakiwa kuwa na kipande: karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara, tarehe aliyoanza kazi na tarehe aliyoachishwa. Karatasi hiyo ilikunjwa na kutiwa kwenye kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi. Mbuzi huvalishwa kengele ili mwenyewe asimpoteze.

Upande wa Tanganyika neno hilohilo lilikuwa na maana nyingine kidogo: kadi ya siku 30 za kazi ambayo kibarua wa shamba la mkonge aliijaza siku baada ya siku kabla ya kulipwa. Kipande cha Kenya kilikuwa na nguvu ya pekee kwa sababu ya safu yake ya mwisho, ile ya tarehe ya kuachishwa. Safu hiyo ilijazwa na mwajiri na kutiwa sahihi yake. Bila sahihi hiyo mfanyakazi alihesabiwa kuwa bado yuko kazini, hata kama alikuwa ameketi kwao kijijini, na mwajiri mwingine hakuruhusiwa kumwandika. Aliyeondoka bila sahihi aliitwa mtoro. Utoro haukuwa jambo la kudaiana fidia. Ulikuwa kosa la jinai chini ya sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1910. Vidole vilivyopigwa wino Nairobi vilitosha kumtafuta mtu hadi kwao.

Hapa pana jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini. Uingereza yenyewe ilikuwa imeacha kumfunga jela mfanyakazi wake kwa kosa la kuacha kazi tangu mwaka 1875, baada ya vyama vya wafanyakazi kupigania mabadiliko hayo kwa miaka mingi. Miaka 35 baadaye, kile ambacho Mwingereza alikikataa kwake kiliandikwa upya kwa ajili ya Mwafrika. Sheria iliyotupwa London ilipata maisha mapya Nairobi.

Wale walioitwa maskwota walibanwa zaidi. Kwa sheria ya mwaka 1918, familia iliyoishi katika shamba la mlowezi ilibaki pale kwa sharti kwamba mwanamume afanye kazi ya mlowezi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Kazi, nyumba, shamba la mahindi na malisho ya ng'ombe vikafungwa katika fundo moja. Mlowezi akisema hahitaji tena watu, au bei ya mazao imeanguka, familia haikupoteza mshahara peke yake. Ilipoteza mahali pa kuishi. Katika miaka ya 1940 walowezi walipopunguza maskwota na mifugo yao, maelfu walirudishwa kwenye maeneo ya hifadhi ambako wengi hawakuwa tena na ardhi, na hasira yao ikawa sehemu ya kuni zilizowasha vita vya Mau Mau. Sisi hukumbuka vita hivyo kama vita vya ardhi, na ni kweli. Lakini kwa maskwota wengi njia ya kupoteza ardhi ilikuwa ni kupoteza kazi.

Watu hawakunyamaza. Mwaka 1921 waajiri walipoamua kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, Harry Thuku, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya simu katika Hazina ya serikali, alisimama mbele ya umati akizungumzia kodi, mishahara, kazi za shuruti za wanawake, na kipande. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akawapa wanaume changamoto waliyoshindwa kuikwepa, na polisi wakafyatua risasi. Serikali ilitaja vifo 21. Wengine walitaja vingi zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliokufa. Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu. Kipande kiliendelea kuning'inia shingoni mwa watu kwa miaka 25 zaidi, hadi mwaka 1947 kilipoondolewa na kuwekwa usajili wa watu wa rangi zote.

*

Ningeweza kuishia hapo na kusema kipande kilikuwa ukatili wa Kenya ya walowezi, kikazikwa pamoja nao. Lakini mwaka huohuo wa 1920, London kwenyewe, serikali ilitoa amri mpya kuhusu wageni. Mgeni aliyetaka kuingia Uingereza kufanya kazi alitakiwa kuonyesha kibali cha Wizara ya Kazi, na kibali hicho hakikutolewa kwake. Kilitolewa kwa mwajiri. Mgeni alikuwa jina lililotajwa ndani ya karatasi ya mtu mwingine.

Katika Ghuba nako, muongo huohuo, maofisa wa Uingereza walikuwa wakihangaika kudhibiti wapiga mbizi wa lulu na vibarua waliovuka bahari kwenda Bahrain. Mwanahistoria Omar AlShehabi ameonyesha kwamba mfumo tunaouita leo kafala, ambao wengi hudhani ulitoka moja kwa moja katika mila za Waarabu, ulipata umbo lake la kisasa katika utawala huo wa Kiingereza. Neno lenyewe ni la zamani katika fikihi na maana yake ni dhamana, mtu kumsimamia mwenziwe. Jipya lilikuwa kuligeuza kuwa chombo cha kudhibiti vibarua: mwajiri amdhamini mgeni, awajibike kwake, na mgeni asihamie kwa mwajiri mwingine bila hati ya kusema kwamba wa kwanza hana pingamizi. Mafuta yalipogunduliwa Bahrain mwaka 1932, chombo kilikuwa tayari.

Sisemi kwamba karani wa Kinorwe aliyeajiriwa London, mpiga mbizi wa Manama na mvuna kahawa wa Kiambu waliishi maisha yaleyale. Hakuna aliyemvalisha Mnorwe kikopo. Nasema karatasi zao zilijengwa juu ya wazo moja: kwamba ruhusa ya mtu kuwa mahali fulani inaweza kuwekwa mfukoni mwa mtu anayemlipa mshahara. Dola moja ililitumia wazo hilo katika pembe tatu za dunia kwa wakati mmoja, na kila mahali ikalipima kwa kadiri ilivyowaogopa au kuwadharau watu wa mahali pale.

*

Sasa tuje kwenye historia ya pili, ile ya mfanyakazi mwenyeji wa Uingereza, kwa sababu ndiyo iliyozaa haki ambazo leo mgeni anaambiwa anazo.

Miaka ya 1960 migodi ya makaa ya mawe ilikuwa ikifungwa, reli zikipunguzwa, viwanda vya pamba vya kaskazini vikififia. Serikali ya chama cha Labour ilitaka watu wahame kutoka viwanda vinavyokufa kwenda vinavyozaliwa, na ilijua kwamba mtu aliyefanya kazi mahali pamoja kwa miaka 20 hataondoka kwa maneno matupu. Ndipo ikaja sheria ya malipo ya kupunguzwa kazi ya mwaka 1965. Mfanyakazi ambaye kazi yake imekwisha, kwa sababu mwajiri amefunga au hahitaji tena watu wengi, analipwa kulingana na umri wake na miaka aliyotumikia: nusu ya mshahara wa wiki kwa kila mwaka wa ujana, wiki nzima kwa kila mwaka wa utu uzima, wiki moja na nusu kwa kila mwaka baada ya umri wa miaka 41, hadi kikomo cha miaka 20. Mwajiri akifilisika, mfuko wa pamoja unalipa. Sharti moja limedumu tangu siku ya kwanza: lazima uwe umetumikia miaka 2 mfululizo.

Ilikuwa sheria yenye wazo zuri. Kwa mara ya kwanza nchini humo, kila mfanyakazi aliyetimiza masharti, hata asiye na chama imara cha kumpigania, alitambuliwa kuwa amejenga kitu kwa kukaa kazini, kitu kinachokua mwaka hadi mwaka, na atakayekichukua akilipe. Pesa ile ilikuwa pia muda. Ilimnunulia mtu wiki kadhaa za kutafuta kazi bila kukubali ya kwanza inayotokea.

Lakini angalia picha ya mtu waliyekuwa nayo watunga sheria. Ni mtu ambaye kazi ikiisha Ijumaa, jioni anarudi nyumbani kwake, Jumatatu anakwenda ofisi ya ajira ya mtaani. Mtaa wake haumuulizi kwa nini bado yupo. Mwezi Agosti wa mwaka huohuo wa 1965, serikali ileile ilitoa waraka uliopunguza vibali vya wafanyakazi kutoka Jumuiya ya Madola hadi 8,500 kwa mwaka na kufuta kabisa kundi la wasio na ujuzi. Mkono mmoja ulikuwa ukimwandikia mwenyeji haki ya kupoteza kazi kwa heshima. Mkono mwingine ulikuwa ukifunga mlango kwa watu wa makoloni ya jana, na hakuna aliyekaa kuandika nini kitampata mtu anayesimama kati ya vitabu hivyo viwili.

Kwa miaka michache swali hilo halikuuma sana. Mtu wa Jumuiya ya Madola aliyeingia kwa kibali chini ya sheria ya mwaka 1962 akishaingia aliweza kubadilisha kazi. Mambo yaligeuka tarehe 1 Januari 1973, sheria mpya ya uhamiaji ilipoanza kutumika na wengi wao wakawekwa katika mfumo wa vibali vya kazi kama wageni wengine. Mwaka 2008 ukaja mfumo wa pointi. Serikali ikaanza kuwapa waajiri leseni ya udhamini, na mwajiri mwenye leseni ndiye anayempa mfanyakazi cheti cha kuombea visa. Mfanyakazi akiacha au akiachishwa, mdhamini ana siku 10 za kazi kuijulisha Wizara ya Mambo ya Ndani. Kisha wizara hufupisha visa, kwa kawaida hadi siku 60. Ndani ya siku hizo upate mdhamini mwingine na uwe umewasilisha ombi jipya, upate njia nyingine ya kisheria, au uondoke nchini.

Niliposoma kanuni hizo mara ya kwanza, macho yalienda moja kwa moja kwenye zile siku 10 za mwajiri kuripoti. Hiyo ndiyo safu ya mwisho ya kipande. Siku hizi hujazwa kwenye kompyuta.

*

Februari 2022, Uingereza ikiwa na uhaba mkubwa wa watu wa kuhudumia wazee na wagonjwa majumbani, wahudumu hao waliruhusiwa kuingia kwa visa ya afya. Mwaka 2023 peke yake zilitolewa zaidi ya visa 140,000 za kundi hilo la afya na huduma, wauguzi na madaktari wakiwemo. Kampuni zilichipuka kama uyoga. Nyingine zilikuwa na wazee wa kuhudumia. Nyingine zilikuwa na leseni tu. Katikati walikaa mawakala, na katika nchi nyingi watu waliuza mashamba na kukopa kwenye vyama vya akiba ili kulipia nafasi ambazo kisheria hazikupaswa kuuzwa.

Binamu yangu mmoja alikuwa miongoni mwao. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye miaka 38, na alifika Uingereza Juni 2023. Kampuni iliyomleta, ambayo sitaitaja, ilimpa chumba katika nyumba iliyoikodi yenyewe na kumkata kodi kwenye mshahara. Zamu alizoahidiwa zilikuja nusu nusu. Februari 2025 alipata ujumbe kwamba kampuni imepoteza leseni na hakuna kazi tena. Hakufukuzwa kwa kosa. Hakuna mzee aliyemlalamikia.

Alinipigia usiku ule. "Hebu nisaidie kuhesabu," akasema. "Wewe ndiye mtu wa vitabu."

Tukahesabu. Alikuwa ametumikia miezi 20. Malipo ya kupunguzwa kazi yanataka miezi 24: sifuri. Haki ya kulalamika kwamba ameachishwa isivyo halali nayo, kwa sheria ya wakati huo, ilitaka miaka 2: sifuri. Notisi ya kisheria kwa mtu asiyefikisha miaka 2 ni wiki moja. Mkataba wake ulisema wiki nne, lakini kampuni haikulipa hata moja. Kwa deni hilo angeweza kwenda kwenye mahakama ya kazi, na sheria ilimpa miezi 3 ya kufungua madai, baada ya kupitia kwanza usuluhishi. Akanyamaza kidogo.

"Miezi mitatu ya kufungua kesi," akasema, "na miezi miwili ya kuondoka. Hivi hawa watu huwa wanaongea wao kwa wao?"

Sijasoma uchambuzi wa kisheria unaolisema jambo hili vizuri kuliko alivyolisema yeye. Hata kama angekuwa na miaka 3 kazini, malipo yake yangekuwa mshahara wa wiki 3. Chumba kilikuwa cha kampuni. Visa yake ilimzuia kupata misaada mingi ya serikali ambayo jirani yake Mwingereza angeiomba siku iliyofuata. Na siku 60 zenyewe zilikuwa na tabia ya ajabu: hazikuanza kuhesabiwa siku kazi ilipokwisha, bali barua ya wizara ilipotoka, na barua ilichukua majuma mengi kufika. Katika kungoja huko hakuwa na kazi wala tarehe. Alikuwa akila kwa marafiki wa kanisani, akiamka kila asubuhi kuangalia barua pepe ambayo aliiomba Mungu isije, na wakati huohuo akaitamani ije ili ajue moja.

Ilikuja Mei. Siku ya 47 alipata mwajiri mpya, mji wa mbali, zamu za usiku tupu, nyumba ya kushirikiana na watu sita. Alikubali bila kuuliza swali hata moja. Hapo ndipo nilipoelewa kwa undani siku 60 hufanya kazi gani sokoni. Ile pesa ya 1965 ilibuniwa ili mtu asilazimike kushika kazi ya kwanza inayotokea. Siku 60 zinafanya kinyume chake kabisa: zinahakikisha ataishika, kwa masharti yoyote. Mwajiri mpya anajua. Mwajiri wa zamani naye alijua. Ndiyo sababu zamu zilipokuja nusu nusu hakuna aliyethubutu kulalamika.

Machi 2025 serikali ya Uingereza ilisema kwamba tangu Julai 2022 ilikuwa imefuta leseni zaidi ya 470 katika sekta hiyo, na kwamba wafanyakazi wapatao 39,000 walihusishwa na wadhamini hao. Leseni zilifutwa kuadhibu kampuni zilizowanyonya wageni. Lakini adhabu ilipotua, ilitua kwa aliyenyonywa: kampuni ikapoteza leseni, yeye akapoteza nchi. Aprili waajiri wa Uingereza walitakiwa wawajaribu kwanza wafanyakazi hawa waliokwama kabla ya kuleta wengine kutoka ng'ambo, na Julai 22 mlango wa kuajiri wahudumu kutoka nje ukafungwa.

*

Ninapozungumza haya na wenzangu, mara nyingi mtu husema: ndivyo ilivyo, nchi ina haki ya kulinda mpaka wake. Ni kweli. Lakini historia inaonyesha kwamba muda anaopewa mtu aliyepoteza kazi haujaandikwa mbinguni. Marekani haikuwa na muda wowote rasmi kwa wenye visa ya H-1B hadi Januari 2017, ilipoweka siku zisizozidi 60. Australia nayo ilikuwa na siku 60, na kuanzia tarehe 1 Julai 2024 ikapandisha hadi siku 180 kwa mara moja, na 365 kwa muda wote wa visa, huku mtu akiruhusiwa kufanya kazi kwingine anapotafuta mdhamini. Umoja wa Ulaya mwaka 2024 uliweka angalau miezi 3, na 6 kwa aliyekaa na kibali zaidi ya miaka 2. Nchi hizo hazijaporomoka.

Hata Ghuba imesogea. Oman iliondoa ile hati ya kutokuwa na pingamizi kwa wanaomaliza mkataba kuanzia Januari 2021. Qatar ilifanya hivyo mwaka 2020. Saudi Arabia ilianza mageuzi yake Machi 2021, lakini wafanyakazi wa nyumbani, ambao ndio wengi katika wasichana wetu waendao huko, waliachwa nje. Mahali ambapo kafili bado anaweza kupiga simu na kusema mtumishi wangu ametoroka, utoro wa mwaka 1910 ungali hai.

Na ipo sheria ya kimataifa inayojibu swali hili moja kwa moja. Mkataba namba 143 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1975, unasema katika kifungu cha 8 kwamba mfanyakazi mhamiaji anayeishi nchini kihalali kwa ajili ya kazi asihesabiwe kuwa yuko kinyume cha sheria kwa sababu tu amepoteza kazi yake. Unataka pia atendewe sawa na mwenyeji katika usalama wa ajira na katika kupata kazi nyingine. Uingereza haikuuridhia. Kenya iliuridhia mwaka 1979.

Hapo historia inatugeukia sisi. Sheria ya ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe notisi ya mwezi mmoja na kulipa mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliotumikiwa. Ya Tanzania ya mwaka 2004 inatoa kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka, hadi miaka 10. Lakini kibali cha daraja D anachopewa mgeni Nairobi nacho hutolewa kwa kazi ya mwajiri mahususi. Mhasibu wa kigeni anayepunguzwa kazi Nairobi ana swali lilelile la binamu yangu. Tuliwarithi Waingereza reli, wigi za mahakamani, na wazo la kibali kinachoishi mfukoni mwa mwajiri.

Serikali zetu sasa zinapeleka vijana nje kwa mikataba. Kenya ilitia saini na Uingereza mwaka 2021 kuhusu wahudumu wa afya, na Ujerumani Septemba 2024 kuhusu wafanyakazi wenye ujuzi. Siku ya kutia saini huwa na bendera na hotuba, na tunahesabiwa nafasi ngapi zimepatikana. Ningependa tuanze kuuliza kifungu kinachofuata. Kazi ikifa bila kosa la aliyeitwa, ana siku ngapi, na zinaanza kuhesabiwa lini? Katika siku hizo analala wapi, na anaruhusiwa kufanya kazi? Kesi yake dhidi ya mwajiri ikiwa bado iko mahakamani, atabaki kuisikiliza? Nauli ya kurudi ni ya nani? Watu wa 1922 waliposimama nje ya kituo cha polisi Nairobi walijua kwamba mshahara na kipande ni jambo moja: huwezi kudai cha kwanza ikiwa cha pili kimeshikwa na mtu mwingine. Mkataba wowote wa kazi unaoeleza malipo bila kueleza nani anashika karatasi umeeleza nusu ya mshahara.